Mikseri yenye Taa

Sikio la kushoto la Atumani lilikufa mwaka juzi, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Waliojua habari hiyo walikuwa wawili tu, Atumani mwenyewe na mkewe Zubeda, na katika miaka miwili hawakuwahi kuambiana. Zubeda alijizoesha kusema na mumewe akiwa amemtazama usoni, na kugonga meza kwa kijiko kabla ya kumwita kula. Atumani naye alijizoesha kusema "ehe" na kucheka pale wenzake wanapocheka. Nyumba iliendelea vizuri tu, kama nyumba nyingine yoyote ya mtaa wa Buyenzi.

Tatizo lilikuwa kazi. Angekuwa fundi baiskeli, sikio lingekufa likazikwa bila matanga. Lakini Atumani alikuwa na studio. Alikuwa ameichukua sebule, akagandamiza trei za mayai ukutani na magodoro mawili mlangoni, akawa anarekodi kasida, nyimbo za harusi na matangazo ya wauza dawa. Tangu hapo wageni walipokelewa chumbani, wakikaa kitandani kama waliokuja kumwona mgonjwa. Zubeda hakulalamika sana, maana sebule ile ndiyo iliyowalisha. Alichojua ni kwamba siku habari ya masikio itakapofika soko la Jabe, studio itafungwa kabla ya alasiri. Nani ampelekee kinyozi kipofu kichwa chake? Kwa hiyo alimsitiri mumewe, kama alivyofunzwa na mama yake kwamba mke wa maana hatoi aibu ya nyumba nje.

Jumatatu moja baada ya adhuhuri akaja Akilimali. Huyu alikuwa mwalimu wa kwaya ya Wakongomani wa Nyakabiga, mtu mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko hali yake, aliyevuka mpaka kutoka Uvira na mke, watoto wanne na kinanda. Alikaa kitandani, akaweka kofia yake juu ya mto wa Zubeda.

"Fundi, tuko watu kumi," alisema. "Na Dorothée, ule mwenye kuanzishaka nyimbo, amepata ndege. Anaenda Kanada na watoto, tarehe kumi na nane. Akishaenda, kwaya imekwisha. Tunataka kurekodi mbele ya ile tarehe."

Atumani alikuwa akimtazama midomo. "Tutarekodi," alisema.

"Mais lakini kila mutu na mikro yake. Kumi! Tulirekodiaga mahali na mikro mbili, ikatoka sauti ya Dorothée na ya mubaba mumoja mwenye kukohoa. Wale wengine wanane, hata mama zao hawakuwasikia."

Hapo ndipo penye mambo. Mikseri, kwa asiyekaa na mafundi, ni ile mashine pana ya vifungo inayopokea kila mikro, yaani kipaza sauti, kwa njia yake, ili fundi ampandishe huyu na kumshusha yule. Mikseri ya Atumani ilikuwa na njia nne, na ya nne ilikuwa imemwagikiwa chai.

"Jumamosi, tarehe kumi na tano," alisema Akilimali. "Ukiweza, sema. Usipoweza, sema vilevile. Kuko studio moja Rohero, wana vyote, ila wanatuitisha pesa ya kununua kanisa."

"Mi naweza," alijibu Atumani upesi, kama watu wote wasioweza.

Mgeni alipoondoka, Zubeda alivuta kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda na kuliweka mbele ya mumewe. Yeye aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni Jabe, na ndani ya kopo mlikuwa na faranga laki tano za kununulia mzigo wa mwezi ule. Atumani alikuwa na zake laki nne na nusu. Hakuomba, na Zubeda hakungoja aombwe.

"Itarudi," alisema Atumani.

"Irudi, isirudi, wale watu wasiende Rohero. Ila tunaenda kununua sisi wawili."

"We utafanya nini kule?"

"Pesa yangu inataka kuona mahali inaenda," alisema Zubeda. Ilikuwa kweli, lakini nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba mashine ya sauti hununuliwa kwa kusikilizwa.

*

Duka walilokwenda alasiri ileile lilikuwa Rohero, lenye vioo na feni, na muuzaji wake, Maxime, alikuwa kijana wa kizibao aliyewasalimu kwa Kifaransa kwanza ili kila mtu ajue mahali pake. Aliwaonyesha mikseri mpya ya njia kumi na mbili. Juu ya kila njia palikuwa na ngazi ndogo ya taa: za kijani chini, za njano katikati, nyekundu moja juu. Alipoiwasha, ikang'aa kama ukumbi wa harusi. Atumani alivuta pumzi.

"Laki tisa na nusu," alisema Maxime. "Kwa sababu ni mzee, laki tisa."

Akaiunganisha na spika. Na Zubeda akasikia papo hapo. Ilikuwa inavuma. Nnnnn, chinichini, bila kupumzika, kama inzi aliyefungiwa kwenye chupa. Maxime naye alisikia, kwa sababu alianza kusema kwa sauti kubwa zaidi bila kuulizwa. Kizuri chajiuza, na hiki kilikuwa kinapigiwa debe. Atumani aliinama, akasema "moja, mbili, moja, mbili" kwenye mikro, akatazama taa zikipanda na kushuka, akatabasamu.

Zubeda alimtazama usoni na kuona kwamba hasikii kitu.

Angeweza kusema "inavuma". Lakini Maxime angemtazama fundi, fundi angemtazama muuza samaki, na wateja wawili waliokuwa wakichagua redio wangejiuliza inakuwaje fundi wa sauti aambiwe na muuza samaki. Jibu lingepatikana kabla hawajafika mlangoni. Kwa hiyo alisema:

"Mi siipendi rangi yake."

Maxime aligeuka. "Rangi, mama?"

"Nyeusi. Sebuleni mwangu kuko giza tayari. Tena ni pana. Aitaenea kwenye meza."

"Tuko na ya rangi ya rose," alisema Maxime kwa adabu. "Ni ya watoto. Iko na mikro moja na inaimbaka yenyewe."

Wateja wa redio walicheka. Atumani alipoona wanacheka, naye akacheka, wa mwisho, bila kujua kwamba anachekwa mkewe. Hilo ndilo lililomuuma Zubeda kuliko kicheko chenyewe. Lakini aliendelea. Alisema taa zinaumiza macho. Alisema mashine inanuka plastiki. Alijifanya mjinga kiasi kwamba Maxime alimvutia kiti akae, kama mtu anayeweza kuanguka. Mwishowe Atumani alimshika mkono akamtoa nje, na mikseri ikabaki dukani.

"Umeniaibisha," alimwambia barabarani. "Rangi! Mbele ya watu! Watasema mi naulizaka muke rangi ya mashine!"

"Nisamehe, Baba Sumaya."

"Rangi!"

"Nisamehe." Na aliomba msamaha kwa moyo, huku ule mvumo bado ukimzunguka kichwani.

*

Kesho yake Zubeda akampeleka Nyakabiga, kwa mzee ambaye alisikia sokoni kwamba anauza mikseri. Mzee huyo, Sylvère, alikuwa amepiga gitaa katika hoteli za ufukweni tangu ujana wake, na sasa magoti yalikataa kusimama. Mikseri yake ilikuwa ya njia kumi na sita, imechubuka pembe zote, na kifungo kimoja kilikuwa kimebadilishwa kwa kifuniko cha dawa ya meno. Alitaka laki sita.

Akapiga gitaa kidogo. Sauti ilitoka safi, kama maji yaliyochujwa mara mbili. Alipozuia nyuzi kwa kiganja, spika zikanyamaza kabisa, na Zubeda akasikia kuku wa jirani akichakura.

"Hii ni nzuri," alisema Zubeda.

"Na rangi?" aliuliza Atumani kwa uchungu. Nayo ilikuwa nyeusi, pale rangi ilipobaki.

"Nyeusi ya namna hii naipenda."

Sylvère alimtazama mke, akamtazama mume, akaona ni mambo ya ndani, akaanza kufuta gitaa.

"Taa zake ziko wapi?" aliuliza Atumani.

"Taa za nini?"

"Za kila njia. Zenye kupanda."

"Hii aiko na taa, mwana wangu. Kulikuwa mbili hapa, zilikufaga zamani. Taa ya kazi gani? Si masikio iko? Fundi anafanyaka kazi na masikio."

Atumani alikunja uso kama aliyekanyagwa. "Siku hizi bila taa aiwezekani," alisema. "Dunia imebadilika."

"Ni nafuu ya laki tatu," alisema Zubeda. "Laki tatu, Baba Sumaya. Na inasema vizuri. Wallahi inasema vizuri."

"We unajua nini ya mikseri? Jana ulikuwa fundi wa rangi, leo fundi wa sauti?"

Angeweza kumjibu. Jibu lilikuwa hapo ulimini, fupi, na lingemmaliza mbele ya mzee wa watu. Alilimeza. Walirudi nyumbani kwa miguu, Zubeda akihesabu ndani ya kichwa chake magunia ya ndagala yaliyomo katika laki tatu.

*

Jumatano Atumani alikwenda Rohero peke yake. Alirudi na boksi begani, jasho likimtiririka, na Zubeda alikuwa uani nyuma ya nyumba akichambua ndagala kutoka kwenye mchanga. Aliona picha iliyo juu ya boksi. Akasimama.

"Laki tisa! Umenunua taa!"

"Nimenunua mikseri."

"Ile ya Nyakabiga ilikuwa na kasoro gani? Niambie moja. Moja tu!"

"Aiko na taa."

"Taa, taa! Tuko na disko hapa?"

Atumani aliingia sebuleni na boksi lake. Zubeda alichambua ndagala kama ishirini hivi, akaona ugomvi haujaisha, akamfuata. Alifika kwenye magodoro ya mlangoni, akasimama.

Mumewe alikuwa ameketi mbele ya mashine. Kaske za kusikilizia zilikuwa mezani, hakuzivaa. Alisema neno kwa sauti ndogo kwenye mikro, akatazama: taa tatu za kijani. Akaandika kwenye karatasi. Akalisema kwa nguvu: njano mbili. Akaandika. Akasogeza redio karibu, akaifunika kwa kitambaa, akaifunua, akatazama, akaandika. Alikuwa na makini ya mtu mzima aliyeingia darasa la kwanza. Na ndipo Zubeda alipoelewa kwa nini ile ya Nyakabiga ilikataliwa, na kwa nini laki tatu hazikuwa kitu. Mumewe hakununua urembo. Alinunua masikio.

Alimwonea huruma. Wakati huohuo alikuwa na hasira, kwa sababu masikio yenyewe yalikuwa mabovu. Mashine ilikuwa inavuma vilevile kwenye spika, nnnnn, na katika ngazi nne za mwisho, upande wa kulia, taa ya chini kabisa ilikuwa imewaka ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Atumani alizipita taa hizo bila kujali. Labda alidhani ndizo zinazoonyesha kwamba mashine iko hai.

Kumwambia habari ya mvumo ilikuwa ni kumwambia habari ya sikio. Zubeda akarudi kwenye ndagala zake. Alijiambia kwamba Wakongomani huimba kwa nguvu, na pengine nguvu zao zitaufunika mvumo. Mficha maradhi, wamesema, kifo humuumbua. Lakini mama yake hakumfunza methali hiyo.

*

Jumamosi kwaya ilikuja kamili, watu kumi wenye mashati meupe, ingawa hakuna aliyekuja kuwapiga picha. Atumani alikuwa ameazima mikro katika misikiti miwili na ukumbi mmoja wa harusi, na hazikufanana hata mbili. Chini ya kila njia alibandika kipande cha plasta chenye jina la mwimbaji. Waimbaji walilipenda jambo hilo sana. Dorothée, mama mfupi mwenye mikono ya mfua nguo, aliinama akasoma jina lake mara mbili, kisha akalipiga picha kwa simu.

Wakaimba. Atumani alizichunga taa zake, huyu akampandisha, yule akamshusha, na hakuna hata mmoja aliyegusa nyekundu. Zubeda alisimama mlangoni na sinia la chai akaanza kuamini kwamba Mungu ni mwingi wa sitara. Wimbo ulipokwisha, Akilimali akavaa kaske ili asikilize walichokifanya.

Wimbo ule ulianza na Dorothée peke yake, kwa sauti ya chini. Akilimali alikunja paji la uso.

"Fundi, kuko kitu inalia humu."

"Ehe," alisema Atumani akitabasamu.

"Inalia, nasema." Akampa Dorothée kaske. Dorothée akasikiliza, uso ukamshuka.

"Ni kama mashine ya kusaga, iko mbali," alisema. "Iko chini ya sauti yangu yote. Fundi, hii njo nitapeleka Kanada?"

Atumani aliona midomo yao yote inasema kitu kibaya. "Ni friji," alisema.

Nyumba ile haikuwa na friji, na kwaya ilijua, kwa kuwa ilikuwa imekunywa maji ya moto ya bomba. Akilimali hakujibu. Alisimama, akatembea polepole kuzunguka chumba kama anayekagua trei za mayai, mpaka akafika nyuma ya Atumani, upande wa kushoto. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuomba chumvi mezani:

"Fundi, nyumba yako inaungua."

Atumani alisogeza kifungo kimoja.

"Moto, Fundi. Moto iko kwenye mulango."

Atumani aliona plasta ya Dorothée inabanduka, akaikandamiza kwa kidole gumba.

Mmoja katika kwaya alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Atumani alihisi kitu, akainua kichwa, akaona nyuso kumi zinamtazama. Akafanya alichozoea kufanya: akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Zubeda alitamani nyumba iungue kweli. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na ilikuwa yake yeye zaidi kuliko ya mumewe, kwa sababu yeye alisikia dukani, akasikia mlangoni pa sebule, akasikia asubuhi ile, na kila mara akanyamaza, akaita kunyamaza huko heshima. Alikuwa amemfunika mtu mpaka akamkosesha hewa. Akaweka sinia chini.

"Baba Sumaya," alisema akimtazama usoni, "sogea kidogo. Mi nitasikiliza."

Jambo ambalo hawakuambiana kwa miaka miwili lilikuwa limesemwa, tena mbele ya Wakongomani kumi. Atumani akasogea kwenye benchi.

Zubeda alivaa kaske juu ya mtandio. Mvumo ukamjaa kichwa kizima. Akamwonyesha njia ya kwanza kwa kidole, ashushe. Akashusha. Zubeda akatikisa kichwa. Ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, bado. Walipofika ya tisa, mvumo ukapungua.

"Apo."

Ya kumi. Ya kumi na moja. Aliposhusha ya kumi na mbili, kukawa kimya kiasi kwamba Zubeda alimsikia Dorothée akimeza mate mbele ya mikro yake.

"Imeisha."

Atumani alikuwa akizitazama zile ngazi nne za mwisho. Taa zao za chini zilikuwa zimezimika.

"Hizi taa," alisema polepole, "zilikuwa zinawaka tangu dukani."

"Tangu dukani."

"Na we ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukasema rangi."

"Nikasema rangi."

Yule baba mwenye kukohoa akakohoa. Dorothée aliitazama chai kana kwamba ina maandishi.

"Nilidhani nakusaidia," alisema Zubeda. "Nisamehe. Safari hii si kwa ajili ya rangi."

Akilimali alikohoa naye, lakini kwa adabu. "Bon," alisema. "Sasa njia ziko nane, na sisi kumi."

"Wanne wataimba wawili wawili," alisema Zubeda.

"Tulisema kila mutu na yake. Tena bei, mama, tulipatana na fundi mwenye kusikia."

"Mwenye kusikia ni mi," alisema Zubeda, "na mi sijapatana na nyinyi bado. Munataka tuanze upya? Ndagala siku hizi imepanda."

Akilimali alitazama kofia yake. "Bei inabaki," alisema, na kwa kuwa yeye ndiye mwalimu, akaenda kusimama kwenye mikro moja na yule mwenye kukohoa.

Waliimba mpaka magharibi. Katika wimbo wa kwanza Atumani alimgusa mkewe begani. "Sauti ya Dorothée ikoje?" aliuliza. Katika miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa amemuuliza mambo mengi, kama chakula kiko tayari na kama mtoto amelala, lakini hili hakuwahi. Zubeda hakujua maneno ya mafundi. Akatafuta yake.

"Aiko na chumvi," alisema.

Atumani akafikiri, akazungusha kifungo cha juu. "Na sasa?"

"Imezidi. Rudisha kidogo. Apo. Sasa aiko na mafuta."

Akazungusha cha katikati. Kufikia wimbo wa tatu wote wawili walikuwa wamejua kwamba chumvi ni kifungo cha juu, mafuta ni cha katikati, na bugali ni cha chini. Dorothée alisikiliza wimbo wake akalia. Akasema ni sauti yake kabisa, hata ile kasoro ya koo aliyoipata ukimbizini imo.

*

Akilimali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msimuliaji mzuri tu, na kufikia Jumatatu soko zima la Jabe lilijua habari ya moto ulioko mlangoni. Watu waliompenda Atumani walianza kumpigia salamu kwa kelele na mikono, kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Mtu mmoja aliyekuwa ameagiza nyimbo za harusi alituma ujumbe kwamba harusi imeahirishwa. Ilifanyika Alhamisi, kama ilivyopangwa, na pilau yake ilinukia mpaka kwao.

Kwa siku tisa hakuna aliyekuja. Atumani alifuta vumbi kwenye mikseri kila asubuhi. Zubeda alikopa mzigo mdogo wa ndagala kwa mwenzake, akauza huku wanawake wakimpa pole kama mfiwa.

"Ningenyamaza siku ile," alimwambia mumewe, "leo ungekuwa na kazi."

"Ungesema siku ya duka," alijibu Atumani, "leo tungekuwa na laki tatu."

Ni maneno makali, lakini Zubeda aliyapenda, maana yalikuwa yamesemwa.

Jumanne ya wiki ya pili wakapiga hodi wanawake watatu wenye baibui. Aliyetangulia alikuwa Saliha, kiongozi wa kikundi cha kasida, mama mnene asiyependa kusimama juani. Atumani ndiye aliyekuwa barazani. Saliha alisema, Atumani hakudaka. Akasema tena, kwa nguvu, mpaka jirani akafungua dirisha:

"Tunamutafuta Mama Sumaya! Ule mama mwenye kusikia!"

Safari hii alisikia. Alikaa kidogo na neno hilo, akiwa na kitambaa cha vumbi mkononi. Kisha akageuka, akaita ndani:

"Mama Sumaya! Wateja wako!"

Zubeda alitoka mbio, mikono ikinuka samaki, akauona uso wa mumewe, akaelewa kilichosemwa. Furaha na huzuni vilimjia kwa pamoja, akashindwa kuamua ashike kipi. Mazoea yakamtangulia.

"Fundi ni huyu, Baba Sumaya," alisema haraka. "Mi namusaidiaka tu. Yeye njo mwenye kujua kila kitu."

Saliha alimpima Atumani kutoka juu hadi chini, akamrudia Zubeda. "Tumesikia kwamba unasikiaka we," alisema. "Sasa baba yeye anafanyaka nini?"

Zubeda alianza kutafuta uongo mzuri. Lakini Atumani alikuwa amemtazama Saliha midomo, na akajibu mwenyewe.

"Mi naangaliaka taa," alisema.

Akawafungulia magodoro ya mlangoni, akaingia wa kwanza kuwasha mashine.